Dirisha Lisilopitisha Vumbi

Mkazi wa Dodoma ukimtaka akutajie adui yake, hatakutajia jirani wala shemeji. Atakutajia vumbi. Linaamka nawe asubuhi, linakunywa nawe chai, na hata ukifuta meza mara tatu kwa siku, mgeni akiweka mkono ataacha alama za vidole vyake. Kuanzia Juni, upepo unaposhika kasi, watu wa Miyuji hufunga madirisha mchana kutwa wakakaa ndani kama magunia ghalani.

Hamidu Jamaldini alipata jina mjini kwa kumshinda adui huyo. Karakana yake ya Kizota ilitengeneza milango na mageti kama karakana nyingine zote, lakini kwenye madirisha ya alumini hakuwa na mpinzani. Wenzake walipima kwa jicho, yeye alipima kwa milimita. Mpira wa pembeni aliubana mpaka ukalia, kisha akaziba kila ufa kwa silikoni. Katika mambo mengine hakuwa mtu wa majivuno, alivaa shati lilelile na kuendesha pikipiki ileile mwaka hadi mwaka. Ila kwenye madirisha kichwa kilimvimba, tusimfichie.

Mteja aliyesitasita alipakiwa kwenye hiyo pikipiki na kupelekwa Miyuji kwa wazazi wa fundi. Nyumba ile aliijenga baba yake, Mzee Jamaldini, miaka kumi na miwili nyuma, alipoacha kuuza ng'ombe mnadani Chemba. Msingi ulikuwa wa mawe yaliyovunjwa kilimani hapohapo, na kifusi cha chini ya sakafu kilikuwa kokoto za mawe hayohayo. Mwanzoni ilikuwa na madirisha ya mbao, na juu ya kila dirisha matundu ya hewa. Baada ya miaka minne Hamidu aling'oa mbao zote akaweka alumini, akayaziba matundu kwa saruji na kupaka rangi juu yake. Tangu hapo nyumba ikawa ndiyo tangazo lake. Alimwingiza mteja sebuleni, akamwambia apitishe kidole juu ya kabati, na kidole kikatoka safi. Mzee Jamaldini, kwenye kiti chake pale pembeni, alikuwa akicheka kidogo na kusema, "Huyu mtoto anajua kazi yake." Hamidu aliyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara yalimkaa vizuri kifuani.

Kisha mzee akaanza kukohoa. Alikohoa mwaka wa kwanza, familia ikasema mafua. Mwaka wa pili Hamidu akalitwika vumbi lawama zote. Akaagiza dirisha la chumbani kwa wazazi lisifunguliwe tena, hata nusu, hata asubuhi. Mwaka wa tatu hospitali ikasema ni saratani ya mapafu. Mzee hakuwahi kuvuta sigara wala kunusa ugoro, na watu waliokuja kumjulia hali walilirudia jambo hilo kila walipokaa, kana kwamba mgonjwa alikuwa anadaiwa maelezo. Miezi yake ya mwisho aliimaliza nyumbani kitandani, na mashine ya oksijeni ikivuma ukutani mchana na usiku. Alifariki mwezi wa Mei, baada ya sala ya alasiri.

Mama yake Hamidu, Bi Mwanne, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa katika nyumba aliyomwachia mumewe, halali kwingine, hajipambi, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Bi Mwanne aliipokea eda kwa utulivu kama heshima ya mwisho aliyobaki nayo mkononi. Alikaa chumbani mle mle, akasali mle, akalala upande wake wa kitanda na kuuacha ule mwingine ukiwa umetandikwa.

Mambo yalikuwa hapo mwezi wa Julai, Yasinta alipopiga hodi. Yasinta alikuwa mwanafunzi wa fizikia chuoni, na mapema mwaka ule alizunguka Miyuji akiomba kuweka vikopo vyeusi vya utafiti katika nyumba za watu. Wengi walimfukuza wakidhani ni mambo ya kodi. Mzee Jamaldini, pamoja na pumzi yake ya shida, alimkaribisha na kuelekeza mwenyewe kikopo kiwekwe juu ya kabati la chumbani. Kilikaa miezi mitatu, kikachukuliwa kimya kimya wiki chache baada ya msiba. Sasa alikuwa amekuja na majibu.

Hamidu alimpokea barazani, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya eda. Yasinta alimpa pole, akatoa karatasi, akaeleza polepole. Kuna gesi inaitwa radoni. Inatoka kwenye mawe na udongo wenye urani kidogo kidogo, na mawe ya nyanda hizi yanayo. Haina rangi, haina harufu. Nje upepo unaitawanya, lakini ikipita kwenye nyufa za sakafu na kukuta nyumba imefungwa, inajaa. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Wataalamu wa afya duniani wanashauri isizidi mia moja kwa kipimo chao, na pakiwa pagumu sana, mia tatu. Chumba cha wazazi kilikuwa na mia nne na kumi.

Hamidu aliisoma namba ile mara mbili. Yasinta aliendelea: madirisha yafunguliwe kila siku, matundu ya juu yazibuliwe, nyufa za sakafu zizibwe, na baadaye litobolewe shimo la bomba lenye feni ya kuinyonya gesi chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Alikuwa akimweleza habari za madirisha mtu yuleyule aliyeyatengeneza, wala hakujua.

"Hakuna mashine?" Hamidu akauliza. "Ya kuisafisha hewa humo humo ndani?"

Yasinta alisita. Alisema zipo, na zinapunguza kitu fulani, ila si gesi yenyewe, na wataalamu hawakubaliani sana juu ya faida yake. Akasema na mengine. Lakini sikio la mtu aliyebanwa lina tabia yake. Hamidu alisikia kwamba zipo na zinapunguza, na hapo akawa ameshaagana na maneno mengine yote. Maana kufungua madirisha kulikuwa ni kusema jambo ambalo hakuwa tayari kulisema hata kimoyomoyo.

Alijaribu kwanza njia iliyo rahisi, amhamishe mama. Dada yake, Stara, aliyekuwa ameolewa Chemba, alisema kwenye simu kwamba chumba kipo. Hamidu akaenda kwa imamu wa mtaani, naye akamjibu kwamba mjane akihofia madhara ya kweli anaruhusiwa kuhama na eda yake. Akarudi mbio kumweleza mama. Bi Mwanne alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza madhara gani. Hamidu akasema hewa. Mama akazungusha macho chumbani, akatazama dari, ukuta, kitanda.

"Nyumba ikianguka nitatoka, baba," akasema. "Hii haijaanguka."

Hakumwambia zaidi. Kumwambia kuhusu gesi kungemfikisha kwenye saratani, na saratani ingemfikisha kwa mzee, na kwa mzee kuna dirisha. Alikuwa mwoga, na alijua ni mwoga, na hilo lilimuumiza kuliko kitu chochote. Ilibaki miezi zaidi ya miwili ya eda, na kila jua lilipochomoza mama yake alikuwa mle ndani akivuta kile ambacho Hamidu alikiona kwenye karatasi.

Mashine ililetwa kutoka Dar es Salaam kwa basi, imefungwa ndani ya boksi kama televisheni. Ilikuwa nyeupe, ndefu kiasi cha mtoto wa miaka mitatu, na kifuani ilikuwa na taa. Hewa ikiwa mbaya, nyekundu. Ikiwa ya wastani, ya njano. Ikiwa safi, kijani. Hamidu alimwambia mama kwamba ni ya vumbi. Akakisoma kijitabu chake ukurasa hadi ukurasa, akakuta penye sharti: ili mashine ifanye kazi vyema, funga milango na madirisha. Moyo ulimtulia. Kumbe hata waliotengeneza mashine walikuwa upande wake.

Basi akafanya alivyojua. Alipitisha silikoni mpya kuzunguka dirisha lote la chumbani, hata kwenye reli ambamo kioo husukumwa, likawa halifunguki tena hata kwa nguvu. Chini ya mlango akapigilia utepe wa mpira. Akawasha. Taa ikawaka njano kidogo, ikafikiri, ikawa kijani. Hamidu alikaa sakafuni akaitazama muda mrefu, macho yakamlenga machozi kwa faraja.

Ikawa desturi yake. Kila alasiri alifunga karakana mapema, akaja Miyuji, akasalimia, akaketi kuitazama taa. Siku moja Bi Mwanne alikaanga vitunguu jikoni, mlango wa chumbani ukasahauliwa wazi, mashine ikanguruma na kuwaka nyekundu. Mlango ulipofungwa, baada ya dakika ishirini ikarudi kijani. Hamidu alifurahi kama mtu aliyeshuhudia daktari akimponya mgonjwa mbele yake. Huko Kizota aliwasifia mafundi wenzake mashine hiyo mpaka wakamchoka. Mama yake hakusema mengi. Alisema tu kwamba inavuma kama ile ya oksijeni, na kwamba kabla hajapitiwa na usingizi hujisahau, akadhani mzee yupo.

Yasinta alipopiga simu mwezi wa Agosti kuuliza kama alikuwa ametekeleza ushauri, Hamidu alimjibu kwa sauti ya mshindi. Binti akaomba aje kupima tena. Safari hii alileta kifaa kidogo cha umeme, kama saa ya mezani, cha kukaa juma moja. Aliingia chumbani mwenyewe, akamwamkia Bi Mwanne, akakiweka juu ya kabati pale pale pa kikopo cha kwanza. Alipotoka, Hamidu alimwona amelitazama dirisha, na silikoni, na utepe wa mlango.

Juma lilipotimia walikaa tena barazani. Yasinta hakuleta karatasi, alimgeuzia kifaa asome mwenyewe. Mia nane na sabini.

"Kimeharibika," Hamidu akasema.

"Hakijaharibika, kaka Hamidu. Nimekilinganisha na kingine pale chuoni."

"Taa ni kijani. Mwezi mzima ni kijani."

Yasinta aliomba aletewe chujio la chai. Hamidu, kwa hasira, akalileta. Binti akamweleza: ile mashine ni chujio. Vumbi ni majani ya chai, yanabaki. Lakini radoni ni chai yenyewe, inapita. Ni kweli kwamba gesi ile ikioza huzaa chembe zinazonata kwenye vumbi, na mashine inazikamata nyingi. Lakini gesi imebaki palepale, na kila saa inazaa nyingine, nazo zikikosa vumbi la kunatia zinabaki zikielea, ndogo zaidi, na huenda zikanata kwa urahisi kwenye pafu la mtu. Halafu chumba kimezibwa. Sakafu inaingiza, na hakuna pa kutokea. Taa ile inapima vumbi tu. Radoni haijawahi kuiona wala haitaiona.

Hamidu alimkasirikia. Alimwambia kwamba watu wa vyuo kazi yao ni kutisha watu, kwamba aliambiwa mashine zinapunguza na ni yeye aliyemwambia. Yasinta alivumilia yote hayo akiangalia chini, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika. Ghadhabu ilipomwishia, Hamidu aliuliza kile alichokuwa amekikimbia tangu Julai.

"Ndiyo iliyomuua baba?"

"Sijui," Yasinta akasema. "Na hakuna atakayejua. Tunaweza kusema watu elfu wakikaa hivi, kadhaa wataugua. Kwa mtu mmoja hatuwezi. Labda angeugua hata porini." Akakichukua kifaa chake. "Lakini mama yuko hai, na hapa ndipo anapolala."

Alipoondoka, Hamidu alibaki barazani akiwa na chujio mkononi. Aliona aibu, aibu nzito ya kimwili, ambayo mtu anatamani kuivua kama shati. Miaka minane aliwaleta watu kwenye nyumba hii wapitishe kidole juu ya kabati.

Akaingia. Mama yake alikuwa kwenye mswala, amemaliza kusali, anavuta tasbihi. Hamidu aliketi mbele yake na safari hii hakuficha kitu. Alieleza gesi, mawe, kifusi, namba ya kwanza na ya pili. Alisema mashine haikufaa, na yeye ndiye aliyeifunga nyumba, na dirisha lazima litoke. Alisubiri amwulize kuhusu mzee. Bi Mwanne hakumwuliza.

"Litoe," akasema. "Litoe leo."

Kazi ya kung'oa dirisha huwa ya watu wawili, mmoja anakata, mwingine anashikilia. Lakini nyumba ya eda haiingizwi mafundi chumbani, kwa hiyo alikwenda Kizota kuchukua nyundo, tindo na kisu, akarudi peke yake. Bi Mwanne alihamia ukumbini, akakaa kwenye mkeka nyuma ya mlango ulioachwa wazi, mbali na macho ya barabarani.

Hamidu alianza na silikoni. Aliikata kwa kisu, ikamshinda nguvu, akaikata tena. Alikuwa ameipaka vizuri mno. Kila alipovuta utepe mmoja alikutana na mwingine chini yake, wa miaka minane, ambao nao aliupaka vizuri. Vioo vilitoka. Fremu iligoma, akaipiga mpaka ikapinda, na kuipinda kazi yake mwenyewe kulimchoma, tusiseme hakukumchoma. Mwisho akapanda juu ya kiti cha marehemu, akatoboa saruji aliyozibia matundu, tundu moja baada ya jingine. Hapo ndipo upepo uliposhika kasi. Uliingia na vumbi lote la Miyuji, ukapeperusha shuka, ukafungua kurasa za kalenda ukutani. Mashine pale pembeni ikanguruma kwa nguvu zake zote na taa ikawaka nyekundu. Kwa hesabu zake, chumba kile hakijapata kuwa na hewa mbaya kiasi hicho.

Aliifikia swichi akaizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, kwani tangu mzee awekewe oksijeni chumba hakikukosa mvumo wa mashine ila wiki zile chache za katikati.

Bi Mwanne aliingia. Akajifunga mtandio vizuri, akasimama kando ya ule uwazi, ubavuni, asionekane na wapita njia. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Baba yako aliliomba hili," akasema.

Hamidu akageuka.

"Siku zile za mwisho. Pumzi ilipokuwa haishuki. Alikuwa akinionyesha kwa mkono, nimfungulie dirisha. Kila siku. Nikamwambia, Hamidu amekataza, vumbi litakuzidishia." Aliongea taratibu, bila kumlaumu, kama anayemweleza mgeni njia. "Akasema basi. Mtoto anajua kazi yake."

Hamidu alishika ukingo wa ukuta pale fremu ilipokuwa. Akauliza kwa nini hakumwambia.

"Ulikuwa unahangaika sana, mwanangu. Na mimi mwenyewe, tangu ulipoleta hiyo mashine, nilitamani nikuombe unifungulie hata kidogo, joto lilikuwa linanikaba. Nikakuona umekaa hapo chini unaitazama taa yako, umefurahi. Nikaona nitakuvunja moyo."

Bi Mwanne alikwenda jikoni kutia maji ya chai. Hamidu aliketi kitandani upande wa baba yake, upande uliotandikwa, akalia kwa sauti, wala hakujali kama barabarani wanamsikia. Wiki ijayo angetoboa sakafu na kupandisha bomba mpaka juu ya paa, Yasinta angekuja kupima, na mama angemaliza eda yake hapahapa. Hayo aliyajua. Hayakumsaidia kitu kwa wakati ule.

Alipotulia alisimama. Vumbi lilikuwa limeshatua kwenye shuka, kwenye mswala, kwenye kifua cheupe cha mashine. Akapitisha kidole juu ya kabati, kama alivyokuwa akiwaambia wateja. Kilitoka chekundu kwa vumbi, naye hakukifuta.